Orodha Ibaki Ufukweni

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Mwanza mbele ya wahadhiri wanaofundisha shahada ya uzamili ya majanga asilia na usimamizi wa maafa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na nyie wazee wangu wawili kutoka mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka: ng'wangaluka. Shikamooni. Sogeeni mbele, viti vipo, na hotuba hii nyie mnaijua kuliko sisi.

Nimepewa nusu saa, na mada ambayo kuisoma tu ni dakika mbili. Inahusu "nafasi ya mhadhiri katika ufundishaji wa taaluma ya majanga asilia ngazi ya uzamili". Aliyeitunga ni mimi mwenyewe, miezi mitatu iliyopita, nikiwa na nguvu. Leo nina jambo moja tu, nalo linauma kidogo: tunasomesha watu ambao siku yenyewe ya maafa hawatakuwepo.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya Jumapili, ndege aina ya ATR iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19, wakaokolewa 24. Waliofika kwanza ni wavuvi. Kijana mmoja akasimulia kwamba alitumia kasia kuusukuma mlango ukafunguka. Baadaye alipongezwa, akapewa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kama Mtanzania. Kama mhadhiri niliona aibu, kwa sababu yule aliajiriwa baada ya kuokoa, na sisi kila mwaka tunawatunuku shahada watu ambao hawajawahi kushika kasia.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuwafunge kamba wanafunzi tuwatupe majini. Nasema tuangalie somo letu lilikotoka.

Halifax ni mji wa bandari nchini Kanada. Tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili ziligongana kwenye sehemu nyembamba ya bandari yake, na moja, Mont-Blanc, ilikuwa imesheheni baruti za vita. Ikawaka, ikalipuka, wakafa watu wapatao 2,000. Mjini hapo aliishi kasisi wa Kianglikana, Samuel Henry Prince. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1912, kasisi huyo alikuwa amekwenda baharini na meli iliyotafuta miili ya waliozama na Titanic. Baada ya mlipuko akaenda kusoma Columbia, New York, na tasnifu yake ya uzamivu, iliyotoka mwaka 1920, ndiyo wengi wanaoihesabu kuwa utafiti wa kwanza wa kisayansi kuhusu maafa. Kwa hiyo taaluma hii haikuzaliwa maktaba. Ilianza na mtu aliyekwishaona maiti zikitolewa majini, akataka kujua kwa nini watu walifanya walichofanya.

Mwaka 1963 Enrico Quarantelli na wenzake wakaanzisha kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ambacho baadaye kilihamia Delaware. Wakapita kwenye mafuriko, vimbunga na matetemeko, wakarudi na jibu ambalo serikali nyingi hazikulipenda: siku ya maafa watu wengi hawapagawi. Mwokoaji wa kwanza ni jirani, wa pili ni jirani, na gari la zimamoto huja baadaye. Mama anayeanika dagaa Kirumba angewaambia hivyo bila ruzuku ya utafiti. Ila angewaambia kwa Kiswahili, na hapo ndipo pana mgogoro nitakaourudia.

Mei 1996 nilikuwa kidato cha pili hapa mjini. Tarehe 21, siku ya Jumanne, MV Bukoba ilipinduka asubuhi ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza. Meli ya abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na makaburi ya Igoma, walikozikwa, mnayajua. Wengi humu wana mtu wao pale, na kwa hiyo sitasema mengi. Nitasema mawili ninayoyafundisha.

La kwanza ni la orodha. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Daraja la tatu halikuwa nayo. Yaani mkungu wa ndizi uliojulikana ni wa nani ulikuwa na afadhali kuliko mwenye mkungu. Nikiwaeleza wanafunzi kwamba umaskini huua, wananukuu nadharia tatu. Nikiwaambia kwamba daraja la tatu halikuwa na orodha, darasa linanyamaza.

La pili ni la hewa. Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na waliokuwa nje waliwasikia waliomo ndani wakigonga. Likatobolewa tundu ili watoke. Hewa iliyokuwa imefungiwa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli, ikatoka, na meli ikaenda chini. Kila mwaka muhula wa kwanza ninaingia darasani na beseni la maji na glasi. Naigeuza glasi, naizamisha mdomo chini, naonyesha hewa iliyobaki ndani. Halafu namwita mwanafunzi aliyepata alama ya juu kabisa katika hesabu za ueleaji wa vyombo majini, namwuliza: umesikia watu wanagonga, una kifaa cha kukatia chuma mkononi, unafanya nini? Mara nyingi anasema, "Natoboa." Simcheki. Aliyetoboa siku ile hakuwa mjinga wala katili. Alisikia mtu anagonga. Kuna mambo lazima uyajue kabla ya kusikia mlio ule, kwa sababu ukishausikia huwezi tena kufikiri.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda Bwisya, kisiwani Ukara, karibu kabisa na gati. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilikuwa na uwezo wa abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Tena swali lilikuwa lile lile: walikuwamo wangapi? Mkatisha tiketi alikufa, na mashine yake ikazama. Kumbukumbu yote ya safari ilikuwa ndani ya chombo kilichozama! Usiku uokoaji ulisimama hadi kulipokucha. Jumamosi, siku ya tatu, akatolewa mtu mmoja akiwa hai, fundi wa kivuko, aliyesalia mahali palipobaki na hewa. Glasi yangu ndani ya beseni.

Tangu siku hiyo nina swali moja ambalo halitoki kwenye mtihani wangu, na mwanafunzi asiyelijibu hanivuki: orodha ya abiria inakaa wapi? Jibu ni maneno mawili. Inabaki ufukweni.

Sasa niruhusuni niiombe sentensi hiyo inifanyie kazi nyingine. Chochote kitakachohitajika siku chombo kikizama, kibaki ufukweni. Orodha, kamba, namba ya simu, na elimu pia. Elimu yetu ya uzamili haibaki ufukweni. Tunaikusanya mwaloni kwa dodoso, tunaipakia kwenye tasnifu ya Kiingereza, tunaisafirisha hadi rafu ya chuo, na huko inazama bila hata kugongwa na wimbi.

Niliwahi kusimamia tasnifu kuhusu mafuriko ya mto Mirongo kule Mabatini. Kazi nzuri, mtahini wa nje aliisifu. Mwenyekiti wa mtaa aliyetupokea akaomba nakala. Nikampelekea mwenyewe, nikiwa nimejaa fahari. Akafungua, akapekua, akapata ukurasa wenye ramani. Akaniambia, "Mwalimu, jina la mtaa wangu nimeliona. Haya mengine nitasomewa na nani?" Nilimwahidi muhtasari wa Kiswahili. Sikuuandika. Muhula ulianza, nikawa na wanafunzi kumi na wawili wa kusimamia na makala ya jarida iliyorudishwa na wahakiki, na nyie mnajua makala ndiyo inayohesabiwa kwenye kupandishwa cheo. Muhtasari wa mwenyekiti wa mtaa hauna alama. Mvua za mwaka uliofuata zilinikuta bado nina deni.

Ugumu si uvivu peke yake. Jaribuni kuandika kurasa nne za Kiswahili kuhusu somo letu muone. Sheria yetu inaitwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa, ya mwaka 2022. Vizuri. Lakini maafa ni nini, na janga ni nini? Kwa Kiingereza tumezoea neno moja kwa kitu kinachotishia na neno jingine kwa uwezekano wa kuumizwa nacho. Kwa Kiswahili vyote viwili tunaviita hatari, halafu tunawalaumu wananchi kwamba hawaelewi. Mimi darasani nimeamua hivi: wimbi, tetemeko na radi ni tishio. Uwezekano wa kukupata ni hatari. Likishakupata, likakushinda, hayo ndiyo maafa. Mwenzangu mmoja humu ananibishia miaka sita sasa, anataka "janga" lichukue nafasi ya "tishio". Tubishane, ni afya, ila tubishane kwa lugha ambayo mwenye mtumbwi anaweza kuingilia kati.

Wala si ugomvi wa maneno matupu. Mwaka 1976 Phil O'Keefe, Ken Westgate na Ben Wisner waliandika makala katika jarida la Nature wakitaka maafa yaache kuitwa ya asili. Hoja yao: dunia hutikisika kwa asili, lakini nyumba haimwangukii mtu kwa asili. Tuna mfano wetu hapa jirani. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kuna nchi ambako tetemeko la namna hiyo huangusha vyombo kabatini, watu wakaokota vigae wakaendelea na chakula. Bukoba liliua, likabomoa nyumba za tofali na udongo, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Tofauti iko ukutani, kwenye saruji, mfukoni. Ukilitafsiri somo hili kwa "majanga asilia" peke yake, umeshamwambia fundi mwashi kwamba halimhusu.

Nije kwenye utabiri, maana hapo ndipo ninapopapenda.

Wazee wangu hawa wakiniambia usiku ziwa linageuka, wanasema kweli tupu. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani, na mawingu yanajijenga juu ya nchi. Usiku nchi hupoa haraka, maji yanabaki na joto lake. Upepo unageuka. Unatoka pande zote, Musoma, Bukoba, Kisumu, Entebbe, kila upande ukielekea katikati ya ziwa. Pepo zikikutana huko hazina pa kwenda ila juu, zikiwa zimebeba mvuke, na hapo ngurumo inazaliwa. Na ni nani yuko katikati ya ziwa saa nane za usiku? Mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwenye giza la mwezi, kwa taa, zamani karabai, siku hizi sola. Kazi yake na dhoruba vina ratiba moja.

Rada ya hali ya hewa tunayo, ipo Kiseke, hapa hapa Mwanza. Tahadhari hutolewa. Mara nyingi husema hivi: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Ni taarifa sahihi. Sasa nimwulize mzee hapa mbele: kilomita 40 kwa saa ziko vipi ukiwa ndani ya mtumbwi? Ameniangalia tu, mmeona.

Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alikabiliwa na tatizo hilo hilo. Hakusubiri kifaa. Alipanga nguvu za upepo kwa namna tanga la meli linavyouitikia, na baadaye wengine wakaongeza namna maji na miti inavyoonekana. Upepo wa kilomita 40 kwa saa uko daraja la sita: mawimbi makubwa, povu jeupe kila upande, na ukiwa nchi kavu mwavuli unashikika kwa shida. Hilo mvuvi analijua kwa macho. Lakini kulijua akiwa tayari katikati yake hakumsaidii. Cha maana ni daraja la nne, ambapo vichwa vyeupe vinaanza kuwa vingi juu ya mawimbi na bado kuna muda wa kugeuza. Nataka niione tasnifu moja, moja tu, ambayo mwanafunzi amekaa na manahodha wa Igombe na Kayenze, akaandika maneno yao wenyewe kwa kila daraja, kisha akaenda nayo kwa watabiri. Hesabu za kuigiza angahewa kwenye kompyuta tunazihitaji sana, siwadharau mnaozifundisha. Ila huyu mtu wa katikati, anayebeba neno kutoka rada hadi mtumbwini, hatumsomeshi.

Na kwa kuwa nimegusa tasnifu, kuna sentensi inayonichosha. Karibu kila pendekezo la utafiti kuhusu ziwa linalofika mezani kwangu linafungua hivi: kila mwaka watu 3,000 hadi 5,000 hufa maji Ziwa Viktoria. Namwuliza mwanafunzi, nani aliwahesabu? Anataja makala. Nafungua makala, nayo imenukuu makala. Ni makadirio, na tumeyarudia hadi yamekuwa kama Aya. Wakati huo huo kila mwalo una uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, wenye daftari, una mtu anayejua mtumbwi gani haukurudi na nahodha alikuwa mtoto wa nani. Mpeni mwanafunzi muhula mmoja mwaloni na daftari hilo, arudi na mwalo mmoja uliohesabiwa sawasawa. Mtu kumi na mmoja waliohesabiwa kwa majina nitawapa uzito kuliko elfu tano wa kunukuu.

Ziwa lenyewe nalo halitungoji. Mei 2020 kipimo cha usawa wa maji ya ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Wazee wa pwani ya ziwa hawakushangaa sana. Walikumbuka mvua zilizoanza mwaka wa uhuru, 1961, na wengine walijua mtini gani maji yalifika. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani? Swali zuri la mtihani, na nusu ya jibu liko kwenye kumbukumbu ya mtu wa miaka 75 ambaye hatujamwalika darasani.

Basi nitasema ninachopendekeza kwenye mtaala, kisha nikae. Kila tasnifu iwe na kurasa nne za Kiswahili, zisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa au wa mwalo ulipofanyika utafiti, na mwanafunzi arudi na muhuri wa serikali ya mtaa. Bila muhuri, hakuna joho. Najua ofisi ya masomo ya uzamili itasema kanuni haziruhusu, na najua kuna mtu atachonga muhuri bandia pale sokoni kwa elfu tano. Tutapambana naye. Na mhadhiri aliyesimamia naye awepo kwenye mkutano huo, ajibu maswali. Mimi nitaanzia Mabatini, na kurasa nne ninazodaiwa.

Matangazo. Kesho saa kumi na moja alfajiri basi dogo litakuwa hapo langoni, tunakwenda Igombe kupokea mitumbwi inayorudi na dagaa. Vaeni makoti, kuna baridi. Wazee hawa wamekubali kutuingiza majini kidogo, mwendo wa nusu saa, ziwa likiruhusu. Wakisema haliruhusu hakuna mjadala, hata awe profesa. Jaketi okozi zipo kumi na nne. Nimetuhesabu wakati mnakunywa chai: tuko ishirini na watatu. Tisa watabaki mwaloni, na nimeshajiandika wa kwanza kati ya hao tisa kwa kuwa sijui kuogelea. Karatasi inazunguka kuanzia mstari wa nyuma. Anayepanda aandike majina yake matatu, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, si yake mwenyewe. Ikijaa mleteeni mzee huyu wa shati la kijani, ndiye katibu wa BMU. Itakaa naye ufukweni.